Ushuru wa Marekani kwa ajili ya viza ya mume: kampuni tuliyoilipa ilitufanyia nini

Mke wangu ni Mmarekani wa kuzaliwa. Babake alikuwa akisoma huko, na familia ikarudi Mombasa kabla mtoto hajaanza nasari. Tulipoamua kunitafutia viza ya uhamiaji kama mume wa raia, tulidhani kazi kubwa itakuwa vyeti na picha za harusi. Lililotukalia vibaya ni ushuru. Naandika kwa ajili ya walio kwenye hali kama yetu na wanajiuliza kama kuna haja ya kulipa kampuni ya mtandaoni inayotayarisha ritani, yaani taarifa za ushuru za kila mwaka, za Wamarekani walio nje ya nchi yao. Kwa maoni yangu haja ipo. Kampuni yetu naipa nyota nne kati ya tano, ila jina lake silitaji kwa sababu nina ya kuisifu na nina ya kulalamikia.

Marekani humdai raia wake ritani popote alipo duniani. Haijalishi kwamba mshahara unalipwa kwa shilingi, PAYE imekatwa na KRA imeshachukua chake. Na raia aliyeoa au kuolewa na mgeni, akiwasilisha ritani peke yake, analazimika kufaili mapato yake yakifika dola 5 tu kwa mwaka. Sikusahau sifuri, ni dola tano. Kufaili si lazima iwe ni kulipa, lakini karatasi lazima iende. Sasa ukifika kwenye fomu I-864, ile ya udhamini, mke anatakiwa aambatanishe ritani yake ya mwaka wa karibuni au transkripti yake (muhtasari wa ritani) kutoka IRS, mamlaka ya ushuru ya Marekani, na aandike jumla ya mapato ya miaka mitatu iliyopita. Watu hapa Mombasa hukwambia, "Tafuta mdhamini mwenza, mambo yaishe." Mdhamini mwenza tulikuwa naye, mjomba wake aliyeko Columbus, Ohio. Lakini mjomba hamwondoi mke kwenye foleni. Mwenye kuomba ni mke, kwa hiyo I-864 yake lazima iwepo, na ritani zake pia, au maelezo ya kisheria kwa nini hakulazimika kufaili. Mke wangu, mfamasia mwenye mshahara wa kila mwezi, hana maelezo hayo.

Tulianzia kwa jamaa wa saiba anayewajazia watu ritani za KRA. Kijana mkarimu, na kwa iTax hana mpinzani. Alipoona fomu 1040, ile ya ritani yenyewe ya Marekani, akapendekeza tuweke kuwa mke hajaolewa, eti ndiyo rahisi. Nilimuuliza tutamweleza nini afisa wa ubalozi, ambaye mkono mmoja ameshika cheti chetu cha ndoa na mwingine ameshika ritani inayosema mwombaji ni mseja. Tukamshukuru, tukalipia chapa zetu, tukatoka.

Kampuni tuliyoichagua inafanya kazi zote kwa tovuti. Unajaza dodoso, unapakia P9 (karatasi ya mwajiri ya mshahara na PAYE) na taarifa za benki, kisha unapewa mtayarishaji mmoja, wakala aliyeidhinishwa na IRS. Bei ya kifurushi chetu ilikuwa kama dola 1,500. Kwa hela za Mombasa ni pesa, hasa mwaka ule ambao shilingi ilikuwa inateremka kila wiki. Kifurushi chenyewe kilihusu ule utaratibu wa IRS wa watu walioko nje ambao hawakujua wajibu wao: unatuma ritani za miaka mitatu iliyopita na ripoti za akaunti za benki za miaka sita, unalipa ushuru unaodaiwa pamoja na riba, na faini unasamehewa. Sharti ni kwamba kweli hukukwepa kwa makusudi, na kwamba angalau mwaka mmoja kati ya ile mitatu ulikuwa nje ya Marekani siku 330 au zaidi bila kuwa na makao kule.

Fomu ya kiapo, 14653, ndiyo iliyotuchukua muda. Kuandika "sikujua" hakutoshi, wanataka kisa chako: ulizaliwa wapi, ulirudi lini, ulisoma wapi, nani alikuwa akikujazia KRA, na ulijuaje mwishowe. Mke aliandika rasimu, mtayarishaji akairudisha akitaka tarehe na mambo yenyewe badala ya kuomba radhi. Hapo kampuni ilistahili kila senti. Kisha juu ya ukurasa wa kwanza wa kila ritani yakaandikwa maneno "Streamlined Foreign Offshore" kwa wino mwekundu, kama maagizo ya IRS yanavyotaka, mke akatia sahihi kwa kalamu, na bahasha ikaenda kwa DHL hadi Austin, Texas. Ritani zilikuwa za 2020, 2021 na 2022. Ya 2020 alifaili kama mseja. Tulifunga ndoa Desemba 2021, na kwa IRS hali uliyonayo tarehe 31 Desemba ndiyo hali ya mwaka mzima, basi 2021 na 2022 zikawa za mwanandoa anayefaili peke yake. Mahali pa namba yangu ya ushuru ya Marekani, ambayo sikuwa nayo, paliandikwa NRA, yaani mgeni asiye mkazi. Walitupa pia chaguo la kunihesabu mimi kama mkazi tufaili pamoja, lakini hapo nami ningeombewa namba, na kodi ninayolipwa na wapangaji wa nyumba yangu ya Kisauni ingeingia kwenye mahesabu ya Marekani kabla hata sijapanda ndege. Tulikataa.

Jambo lililozua kicheko na wasiwasi kwa pamoja ni ripoti ya akaunti, FBAR. Hii haiendi IRS. Inajazwa mtandaoni kwa FinCEN, kitengo cha Hazina ya Marekani kinachofuatilia uhalifu wa kifedha, na inamhusu raia yeyote ambaye akaunti zake za nje, zikijumlishwa, zilipita dola 10,000 wakati wowote wa mwaka. Sisi tulihesabu akiba ya mke na ile akaunti yetu ya pamoja, tukaona hatufiki. Mtayarishaji akauliza swali moja tu: kuna akaunti nyingine ambayo sio pesa zako lakini unaweza kutia sahihi? Mke akanitazama. Yeye ni mweka hazina wa chama cha kina mama mtaani, na akaunti ya chama, wakikaribia kugawana mwisho wa mwaka, hunona. Ndiyo, nayo inaripotiwa. Haitozwi ushuru na pesa si zake, lakini sahihi ni yake. Ilibidi awaeleze wenzake kikaoni kwamba jina la benki na namba ya akaunti ya chama zitaandikwa kwenye fomu ya Marekani. Mama mmoja wa makamo aliuliza kama Wamarekani nao watataka zamu yao ya mzunguko.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nitoe nyota nne na sio tatu, japokuwa wao wenyewe ndio waliotaka kuliharibu. Kuna njia mbili za kumzuia Mmarekani wa nje asitozwe mara mbili. Moja ni msamaha wa mapato ya nje, fomu 2555, ambao kwa mwaka 2023 uliruhusu kuondoa hadi dola 120,000 za mshahara. Nyingine ni fomu 1116, inayokuruhusu kuupunguza ushuru wa Marekani kwa ule uliokwisha kulipa nchi nyingine. Kampuni hizi hupenda 2555 kwa sababu ni nyepesi, na rasimu yetu ya kwanza ilikuja hivyo. Nikaisoma 1040 usiku, nikafika mstari wa 9, jumla ya mapato: takriban hakuna kitu. Msamaha huingia kama tarakimu hasi kwenye jedwali la nyongeza na kuumeza mshahara kabla jumla haijapigwa. Kwa IRS ni sawa kabisa. Kwa viza, mke angeandika kwenye I-864 mapato karibu na sifuri, huku barua ya mwajiri wake iliyo kwenye faili lile lile ikisema analipwa vizuri tu.

Niseme ukweli, mshahara wa Mombasa haukuwa unahesabika kumfikisha kwenye kiwango cha udhamini, maana ungekoma siku tunapohama. Mzigo ule ulikuwa wa mjomba. Lakini faili lenye karatasi mbili zinazobishana huzaa maswali, na swali moja kwenye mambo ya viza ni miezi. Tukamwandikia mtayarishaji: tumia 1116. Akapiga hesabu na kukubali kwamba kwa mwajiriwa wa Kenya ni nafuu pia, kwa kuwa PAYE yetu hufika asilimia 30 mapema mno, na tangu Julai 2023 iko hadi 35. Ushuru wa Marekani kwenye mshahara ukafutika wote, ziada ikawekwa, inaweza kutumika hadi miaka 10 mbele, na mstari wa 9 ukaonyesha mshahara kama ulivyo. Walioanza tayari na 2555 wasikurupuke. Ukiuacha msamaha ule huwezi kuurudia kwa miaka mitano bila idhini ya IRS. Wao waambatanishe ritani nzima pamoja na hiyo 2555 na barua fupi ya maelezo.

Mabuibui ndiyo yaliyotugharimu. Mke huyauza kwa WhatsApp, biashara ndogo ya jioni na wikendi. Faida ya kujiajiri ikifika dola 400 kwa mwaka inadaiwa mchango wa hifadhi ya jamii wa Marekani, asilimia 15.3, na hapo 2555 wala 1116 hazikusaidii. Kuna nchi zenye mkataba na Marekani wa kuzuia watu wasichangie kote kuwili. Kenya haimo. Alilipa, pamoja na riba.

Kilichotufuta machozi hatukukitarajia hata kidogo. Zile pesa za korona ambazo serikali ya Marekani iligawa zilikuwa za raia walioko nje pia, na aliyezikosa angeweza kuzidai kwenye ritani: dola 1,800 kwa ya 2020 na 1,400 kwa ya 2021. Mtayarishaji aliziingiza bila sisi kuuliza. Baada ya kukatwa mchango wa mabuibui bado kilibaki kiasi kilichozidi ada ya kampuni. Cheki ya Hazina ya Marekani ikaja kwenye sanduku la posta, na benki yetu ikakataa katakata kuipokea. Cheki hizo huisha nguvu baada ya mwaka, kwa hiyo tuliitunza kwenye droo tukiomba viza itangulie. Nawaarifu kwamba muda wa kuzidai pesa hizo umeshapita, wa 2020 uliisha Mei 2024 na wa 2021 ukaisha Aprili 2025, msije mkanitumia ujumbe.

Ritani za karatasi hukaa Austin hadi uzisahau. Kilichotuokoa NVC, kituo cha Marekani kinachokusanya karatasi za viza kabla ya usaili, ni ile ya 2023, ambayo haikuwa sehemu ya bahasha. Ilitumwa kwa mtandao mapema 2024, kabla ya tarehe 15 Juni wanayopewa walio nje, transkripti ikapatikana, na hiyo ndiyo ikawa "mwaka wa karibuni". Mjomba naye alileta ya kwake. Kaya yake, pamoja nami, ilikuwa ya watu watano, na kiwango cha 2024 kilikuwa dola 45,725. Alikipita.

Hapa ndipo nyota ya tano ilipokwenda. Kampuni ya ushuru haijui viza na haitaki kujua. Haikututajia kabisa kwamba mdhamini lazima awe na makao Marekani, au aonyeshe kwa vitendo kwamba anakwenda kuyaweka, na kwamba mdhamini mwenza hazibi pengo hilo. Tulilisoma wenyewe kwenye maagizo ya I-864, mke akatafuta barua ya kazi na makubaliano ya nyumba Columbus. Tena ni watu wa saa zao. Ujumbe wetu wa asubuhi walikuwa wakiujibu tumeshalala, na dodoso lao lilikuwa halijui SACCO ni mnyama gani. Ukiwatumia, siku ya kwanza kabisa mwandikie mtayarishaji kwamba ritani hizi zitasomwa na afisa wa viza, na uombe rasimu kabla ya kutia sahihi.

Nairobi, afisa aliniuliza kuhusu harusi na kuhusu mjomba. Ritani alizipekua, akauliza mke anafanya kazi wapi, akaendelea. Tulifika Columbus na cheki ikiwa ingali hai. Sasa mimi mwenye green card ni mkazi kwa ushuru, ile nyumba ya Kisauni imeingia, na wametupa bei ya ritani ya pamoja. Ni chini ya nusu ya tulicholipa mara ya kwanza, na nimekubali.