TAHADHARI: Muuzaji wa holda za VDI30 hapa Mombasa, usimtumie pesa

Mafundi wenzangu wa Changamwe, Shimanzi, Jomvu na Mikindani, someni hii kabla hamjatuma hata shilingi moja. Kuna mtu anapita kwenye makundi ya WhatsApp ya mafundi wa pwani akiuza holda (vishikio vya visu) za leti za CNC, zile zinazoendeshwa na kompyuta, hasa VDI30 na VDI40, kwa bei ya kuvutia. Jina hubadilika, na namba ya simu pia. Mimi amenila shilingi 26,000 na sitaki amle mwingine.

Picha alizonitumia zilikuwa safi: holda nne za VDI30 aina ya B1, zimepakwa mafuta, maandishi yamechorwa kwa leza. Akasema zimetoka Ujerumani, zimebaki kutoka karakana iliyofungwa. Nikaomba kwenda kuziona. Akajibu kwamba ghala liko ng'ambo ya Likoni na yeye yuko safarini, nitume nusu, kijana wake ataniletea Mwembe Tayari. Nikatuma 13,000 kwa M-Pesa. Kijana akaja na bodaboda, mzigo umeviringishwa karatasi na nailoni, naye ana haraka, anadai salio aondoke. Nikafungua ya juu peke yake. Ile ilikuwa nzuri kweli. Nikalipa.

Zile tatu za chini ndizo zilizoniumiza.

Kwa wasioijua VDI: ile 30 ni kipenyo cha shina kwa milimita, na nafasi ya kukosea ni ndogo mno. Shina halali huwa kati ya 29.987 na 30.000. Yangu yalisoma 29.93, 29.91 na 29.90 kwenye maikromita. Mtu atasema sehemu ya kumi ya milimita ni kitu gani? Kwenye tundu la tareti, kile kichwa cha leti kinachobeba holda, ni kucheza kunakoonekana kwenye kazi. Na si kipenyo tu. Shina la VDI lina meno ubavuni, na ndani ya tareti kuna kabari yenye meno inayoyashika na kuivuta holda mpaka uso wake ukalie tareti barabara. Meno ya hizi yalichongwa ovyo, kabari inashika jino moja, na ukikaza mpaka mwisho bado karatasi inapita kwenye mwanya. Nikazijaribu kwa tupa: ile nzuri tupa iliteleza, kwa sababu shina lake limekomazwa. Hizi tatu tupa ilizila kama nondo ya dirishani.

Haya yote niliyapima baada ya hasara, na hilo ndilo linaloniuma. Kwanza nilifunga moja nikaanza kukereza shafti ya pampu ya boti ya uvuvi, chuma kisichoshika kutu. Nilipokata uso wa mbele wa shafti, katikati kukabaki kijichuchu chenye kipenyo cha karibu milimita 0.8. Maana yake ncha ya tipu, kile kijipande kigumu kinachokata, iko chini ya kitovu kwa nusu ya hapo, 0.4. Kijana ninayemfundisha akataka kuweka bati chini ya kisu. Nikamkataza. Bati hupandisha kimo, haliwezi kuponya shina linalocheza. Laiti ningesimamisha kazi papo hapo! Niliendelea kwa mwendo mdogo, tipu ya CNMG 120408 ikapasuka, shafti ikachimbika. Mwenye boti ni mzee anayeniamini miaka mingi. Nimemnunulia chuma kingine kwa pesa yangu.

Nilipompigia muuzaji aliniambia mashine yangu ndiyo iliyochakaa. Kisha akageuka: atanibadilishia, ila nitume 4,000 za kutolea mzigo mwingine bandarini Kilindini. Sikutuma. Kesho yake hapatikani.

Fundi mwenzangu wa Jomvu naye aliuziwa kisu cha mraba na mtu huyuhuyu, kimeandikwa PCLNR 2020K12. Maandishi hayo yana maana, na ndiyo yanayomfichua: R ni mkono wa kulia, 20 na 20 ni kimo na upana, K ni urefu wa milimita 125, na 12 ni ukubwa wa tipu inayoingia. Chake kilikuwa na kimo cha 19.6 na urefu wa 110. Kimekatwa na kusagwa, kisha kikaandikwa upya. Kibao kinachokaa chini ya tipu, ambacho hutakiwa kiwe cha kabaidi, metali ngumu sana, kilikuwa chuma laini kilichokwisha kubonyea.

Mwingine ana mashine ya tareti ya BMT, ile ambayo holda hufungwa usoni kwa boliti nne, na mtu huyu alimhakikishia kwamba VDI itaingia tu. Haiingii.

Kama ni lazima ununue kwa mtu usiyemjua, mkutane karakanani, si kituo cha matatu. Njoo na maikromita, tupa na tipu yako mwenyewe uikalishe mahali pake uone kama inatikisika. Fungua zote, hata kama wa boda anapiga honi. Asiyekubali hayo mwache aende zake.

Nimeandikisha polisi na nimepewa namba ya OB, kitabu cha matukio. Walionunua kwake wasitupe holda wala karatasi zilizofungiwa, na wasifute ujumbe wa M-Pesa. Nitumieni ujumbe faraghani, Jumatatu asubuhi narudi kituoni na nataka tuingie tukiwa wengi.