Fasheni za miaka ya 2000: uvae za zamani zenyewe au mpya za kuiga?

Tangu wale waimbaji Britney Spears na Justin Timberlake watokee na jinzi juu mpaka chini kwenye tuzo za muziki za American Music Awards 2001 mi sijapona, zile fasheni nazipenda mpaka kesho. Sasa kwa bei mpya inashinda, na saizi yako huikosi, za zamani siku hizi zinagombaniwa. Ila kwa kitambaa, za zamani jamani! Trakisuti ya veloa, kile kitambaa laini kama mahameli, ya enzi zile ukiipapasa inajaa mkono. Shida matunzo, gundi ishakauka, vile vito vya kung'aa vilivyobandikwa makalioni vinadondoka kimoja kimoja, lastiki nayo imelegea, kwa hiyo unaigeuza ndani nje unafua kwa mkono na pasi usiisogeze. Kama ni pati ya usiku mmoja chukua mpya, ukiwa na sindano na subira tafuta ya zamani.