Cha kuzungushia mashine ya nje ya AC: kipi kinunuliwe kwanza, kipi kiachwe dukani

Nyumba imepakwa rangi, ukoka umeshika vizuri, halafu pale karibu na baraza kuna lile boksi jeupe linalonguruma mchana kutwa. Wenye nyumba wengi wa Dar, Tanga na Mombasa hutamani kulificha, na wauzaji wa vitu vya kulifichia hawakosekani. Nimevipanga hapa kwa mfuatano ninaouamini, nikianza na kile kinachostahili fedha yako mapema zaidi.

Kipimo nilichotumia ni kimoja tu: je, hewa inapita? Kazi ya mashine ya nje ni kutupa joto lililotolewa chumbani. Mashine za kawaida za nyumbani huvuta hewa mgongoni na ubavu mmoja, kisha feni huipuliza mbele ikiwa ya moto. Ukiibana, ile hewa ya moto hugonga ulichojenga ikarudi mgongoni. Ni kama mtu aliyejifunika blanketi gubigubi akapumua humo humo. Kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya AC, huelemewa, chumba hakipoi, na uniti za LUKU huisha mapema kuliko ulivyozoea.

Kwa hiyo chukua futi kamba kabla ya pochi. Kitabu kilichokuja na mashine kina vipimo vyake, na hivyo ndivyo vya kufuata. Kama kimepotea, acha angalau sentimita 30 mgongoni na ubavuni, 60 juu, na 60 upande wenye valvu, pale mabomba ya shaba yanapoingilia, ili fundi apate pa kuchuchumaa na vifaa vyake. Mbele acha mita moja na nusu, na ukipata mbili ni bora zaidi. Mbele ndiko wengi wanakoharibu, kwa kuwa ndiko kunakoonekana kutoka getini.

Namba moja naipa kokoto, ingawa haifichi chochote. Ng'oa ukoka kuzunguka mashine iliyokaa chini, sawazisha udongo uelekee mbali na ukuta, tandika nailoni nene iliyotobolewa matundu, kisha mwaga kokoto. Faida yake utaiona masika, mvua inapopiga udongo mtupu na kurusha matope hadi kwenye mapezi ya alumini ya mashine, yale mabati membamba yaliyobanana ambamo hewa hupita. Utaiona pia siku ya kukata majani: mashine ya kukatia hurusha vipande ambavyo feni huvivuta moja kwa moja mgongoni, na vikishalowa vinaganda. Kokoto nayo isirundikwe ikaziba nafasi iliyo chini ya mashine.

Namba mbili ni kiunzi cha mbao zenye mianya, au cha alumini kama mfuko unaruhusu. Hiki ndicho kinachoficha kweli na kuacha hewa ipite. Mwambie seremala aache mwanya usiopungua upana wa ubao wenyewe, na kiunzi kisizidi sana kimo cha mashine. Usifunike juu. Usizungushe pande zote nne pia. Mara nyingi pande mbili zinatosha kukata macho ya anayeingia. Ubao uwe umetiwa dawa ya mchwa, na miguu isimame juu ya saruji, isizikwe ardhini. Anayeishi karibu na bahari asinunue kiunzi cha chuma chepesi kilichopakwa rangi tu, maana upepo wa chumvi hutafuta ufa mdogo kwenye rangi na kutu huanzia hapo. Alumini ni ghali siku ya kwanza, lakini mita mia chache kutoka ufukweni mimi ningeichagua bila kusita. Kiunzi chochote utakachochukua kiwe cha kuning'inizwa kwenye ndoano au chenye bawaba, kiondoke bila kufungua skrubu hata moja.

Namba tatu, mimea ya kwenye vyungu. Uzuri wake ni kwamba ukikosea unasogeza. Kwa wauza miche wa kandokando ya barabara ulizia mishubiri, sansevieria, au mchaichai uliokomaa, ambayo haidondoshi majani madogo madogo wala maua ya kunata. Ipange ubavuni, si mbele. Hewa inayotoka kwenye feni huyakausha majani hata ukimwagilia asubuhi na jioni. Pia angalia ule mpira mwembamba unaotoa maji ya mashine ya ndani. Maji yale ni unyevu wa hewa uliogeuka maji, hayana chumvi, na mimea huyapenda. Elekeza mpira kwenye chungu, mradi mdomo wake usizame majini, la sivyo maji yatarudi chumbani.

Mimea ya kupandwa ardhini naiweka namba nne kwa sababu inakua. Mche uliopandwa sentimita 30 kutoka kwenye mashine, baada ya masika mbili utakuwa umeshaikumbatia. Panda ukikadiria upana wake wa ukubwani. Michongoma ina miiba, na fundi ataichukia. Mnyaa ndio nauombea msamaha kwa wanaoupenda, lakini usiupande hapo kabisa: utomvu wake ukiingia machoni ni hatari, na anayefanya kazi kwenye mashine hupitisha uso karibu na matawi. Asumini na bogenvilia zipewe ukuta mwingine, maana maua yake huishia kwenye mapezi. Na kama unamwagilia kwa maji ya kisima chenye chumvi, kama visima vingi vya pwani vilivyo, usirushe maji upande wa mashine. Chumvi hiyo hula alumini na shaba pole pole.

Ukuta wa matofali ya saruji yenye matundu unapendeza, hasa kwenye nyumba za pwani. Naupa namba tano kwa sababu saruji hula sehemu kubwa ya nafasi ya hewa, na ukishajengwa haurudi nyuma. Ujenge tu kama una zaidi ya mita mbili mbele, na uchague tofali lenye matundu makubwa.

Makuti na mianzi ni ya mwisho. Ni rahisi kupata na rahisi kwa bei, lakini makuti humwaga vumbi na vijiti, yanashika moto upesi, na mijusi hupenda kujificha humo. Mjusi au sisimizi wakiingia kwenye kisanduku cha umeme cha mashine, saketi inaweza kuungua.

Baadhi ya wauzaji hunadi kivuli kama sababu ya kununua. Kivuli kinasaidia kidogo sana, na kikiletwa na kitu kinachobana hewa, hasara inazidi faida. Ukimaliza kuweka chochote, washa AC saa nane mchana, iache nusu saa, kisha peleka mkono mgongoni mwa mashine bila kuigusa. Hewa inayoingia iwe sawa na ya uani kwako. Ikiwa ya moto zaidi, ondoa kipande kimoja na upime tena.

Kizimba cha chuma nimekiacha nje ya mfuatano huu kwa kuwa hakinunuliwi kwa urembo. Panapoibwa mashine kwa ajili ya shaba, kinunue. Agiza nondo zilizoachana upana wa kiganja, bila bati juu wala wavu mdogo mbele, na fundi wa kuchomelea aweke mlango upande wa valvu. Ufunguo ukae ndani ya nyumba, mahali ambapo yeyote atakayekuwepo anapajua, kwa sababu AC ikigoma katikati ya joto la mwezi wa pili, fundi atafika wakati wewe uko kazini.