Nyota tatu kwa dawati la migogoro: uzoefu wangu wa kuuza stempu na sarafu kongwe kutoka Pemba

Nyota tatu kati ya tano. Ndizo ninazolipa soko la mnada la mtandaoni ninakouzia stempu na sarafu kongwe za Zanzibar, na khasa dawati lake linaloamua ugomvi wa malipo. Jina la soko silitaji, kwa sababu ninayoyasema yanayahusu masoko mengi yenye mtindo ule ule: mnunuzi analipa kwa kadi, soko linashika fedha, mimi napeleka mzigo posta hapa Chake Chake, na mmoja wetu akilalamika wao wanaingia katikati.

Kwanza mjue ninachouza, maana mali yenyewe ndiyo inayozaa ugomvi. Serikali ya Zanzibar ilichukua posta mikononi mwake mwaka 1895, ikaanza kwa stempu za India zilizochapwa neno Zanzibar juu yake. Mwaka 1896 zikaja zenye sura ya Sultani Hamad bin Thuwaini, zikafuata za masultani waliokuja baada yake, hadi zile za Uhuru wa Disemba 1963 zenye sura ya Jamshid. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 stempu zilizokuwepo hazikutupwa. Zilipigwa mhuri wa "Jamhuri 1964" kwa mkono hapa hapa visiwani, na baadaye zikaja zilizochapwa maneno hayo kwa mashine. Zile za mkono ndizo zenye wapenzi wakubwa. Mhuri mmoja umelala upande, mwengine umepinduka, mwengine wino umekolea mpaka umetapakaa. Na kwa kuwa ni mhuri wa mkono tu, kuughushi si kazi ngumu. Kila mnunuzi analijua hilo, mwema na mbaya.

Kwa upande wa sarafu, nauza zaidi pesa za shaba za Sultani Barghash, za mwaka 1299 na 1304 Hijria, zenye picha ya mizani. Si adimu, bado zinatoka kwenye makebe ya wazee, lakini iliyobaki na rangi yake ya asili bila kusuguliwa ina bei tofauti kabisa na iliyong'arishwa kwa ndimu. Basi thamani yote imekaa kwenye vitu vidogo: meno ya stempu (yale ya ukingoni inapochanwa), gundi ya nyuma, ukungu wa kahawia unaoletwa na unyevu wa huku kwetu, mhuri wa posta ya Wete au ya Mkoani unaosomeka tarehe. Mnunuzi aliyejutia bei aliyotaja mwenyewe hakosi pa kushikia.

Wasiolipa kabisa ndio wepesi. Mtu anashinda mnada usiku, asubuhi kimya. Anapewa siku chache za kulipa (eBay, kwa mfano, ni siku 4), na muda ukipita muuzaji anaruhusiwa kufuta mauzo kwa sababu ya kutolipwa. Wako wanaokuja na ujumbe kwamba nikiwapunguzia ndipo watalipa. Sijibizani nao. Nangoja muda uishe, nafuta, ada yangu inarudishwa na yeye anawekewa alama. Hapa dawati nalisifu bila kigugumizi: halikuwahi kuniuliza swali la ziada. Khasara inayobaki ni kwamba aliyetaja bei ya pili anakuwa keshanunua kwengine.

Shtaka jengine ni kwamba mzigo haukufika. Hapa tena dawati linafanya kazi nzuri, alimradi uwe na karatasi. Siku zote natuma kwa rejista au EMS, ile huduma ya posta ya haraka. Namba ya mzigo ina herufi mbili, tarakimu 9, na mwisho TZ, na kwa kuwa mtindo huo ni wa Umoja wa Posta Duniani, posta ya nchi anayoishi mnunuzi nayo inaisoma. Dada wa dirishani ana maneno yake: "Mjomba, isome namba kabla hujaondoka. Herufi moja ikikosewa, utakuja kunigombeza mimi." Naisoma, kisha naipiga picha ikiwa bado imebandikwa kwenye bahasha, pamoja na stakabadhi.

Bwana mmoja wa Ujerumani alidai hakupokea sarafu zake wakati rikodi ya posta ya kwao ilionesha zimekabidhiwa. Nilipandisha stakabadhi, picha ya bahasha na ukurasa wa ufuatiliaji wenye tarehe. Uamuzi ukaja upesi, kwangu. Ikiwa unauza vitu vya bei kubwa, jua pia kwamba eBay na PayPal, kampuni ya kupitishia malipo mtandaoni, wote wanataka saini ya mpokeaji kwa mauzo ya dola 750 na zaidi. Mimi saini naitaka hata kwa mzigo wa bei ya chini ya hapo, kwa sababu neno "umefika" bila jina la aliyepokea linaacha mwanya.

Nyota mbili nilizozikata, nimezikata kwenye shtaka la tatu: kwamba kitu si kama kilivyoelezwa.

Niliuza stempu ya Uhuru 1963 yenye mhuri wa mkono wa Jamhuri, safi, haijatumika, gundi yake nyuma. Mnunuzi wa Marekani aliipokea, akakaa nayo, halafu akafungua malalamiko kwamba mhuri ni wa kughushi. Hakuleta cheti wala maoni ya mtaalamu, sentensi moja tu. Dawati likaamuru airudishe kwa gharama yangu na fedha zake arejeshewe mzigo ukishafika. Mzigo ulifika. Nilipofungua bahasha nikaona stempu siyo ile. Stempu yangu ilikuwa na jino moja fupi kwenye kona ya chini, na herufi J ya mhuri ilianzia karibu kabisa na ukingo. Hii ya kurudi ilikuwa na meno kamili na mhuri wake umekaa katikati. Ni kweli, mhuri wa hiyo ulikuwa mbaya. Alikuwa na ya kughushi kwake nyumbani, akachukua ya kweli kwangu na kunirudishia yake.

Picha nilikuwa nazo. Kila stempu naipiga skana mbele na nyuma kwa ukubwa ambao unaweza kuhesabu meno, kabla ya kuitangaza. Nikaziweka picha mbili ubavu kwa ubavu, nikachora mishale, nikaandika maelezo mafupi kwa Kiingereza chepesi. Jibu la kwanza lilikuwa la kunakili: mzigo umerudi, fedha zimerejeshwa kwa mnunuzi, asante kwa kutumia huduma yetu. Hakuna aliyetazama picha. Nikakata rufaa. Mtumishi wa pili alizitazama, akakiri kwamba anaona tofauti, ila akasema hana njia ya kujua ipi ndiyo niliyoipeleka. Mwisho wakanilipa sehemu ya bei kutoka mfuko wao, wakaiita hisani, na mnunuzi wakamwacha aendelee kununua kwa wengine.

Hili linaniuma mpaka leo, na si kwa sababu ya fedha peke yake. Stempu ile ilitoka kwenye makaratasi ya familia moja ya wafanyabiashara wa karafuu hapa Chake, na waliponikabidhi waliniamini kwamba itakwenda kwa mtu atakayeitunza. Dawati linaloamua mambo ya vitu kongwe halina mtu mmoja anayejua vitu kongwe. Wanajua vifurushi. Mzigo umetoka, umefika, umerudi. Wanachokagua ni mwendo wa bahasha, na kilichomo ndani hawana macho nacho. Mnunuzi mlaghai ameshalielewa hilo, ndiyo maana hasemi tena "haukufika". Anasema "si kama ulivyoeleza".

Tangu hapo tangazo langu lina sharti. Anayedai kwamba kitu ni cha kughushi nampa muda wa nyongeza akipeleke kwa jopo la wataalamu linalotambuliwa, kama lile la Royal Philatelic Society London linalotoa vyeti vya stempu. Cheti kikisema ni ya kughushi, narejesha bei yote pamoja na gharama ya cheti. Dawati halifungwi na sharti langu, nalijua hilo, lakini wanunuzi wa kweli wanalifurahia, na wale wengine wanapita njia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona wauzaji wenzangu hawalipi uzito. Uamuzi wa soko si mwisho wa safari. Mnunuzi aliyelipa kwa kadi anaweza kushindwa sokoni, kisha akaenda benki yake mwenyewe na kuyapinga malipo. Kwa Visa na Mastercard, madai mengi ya aina hii yana nafasi ya hadi siku 120. PayPal inampa mnunuzi siku 180 tangu alipolipa kufungua mgogoro. Benki ikipokea dai, fedha huvutwa kwanza na maswali huja baadaye, na mara nyingi muuzaji hukatwa ada juu yake. Ushahidi unatakiwa ndani ya siku chache, na ukichelewa umeshindwa.

Kwa hiyo swali la mwanzo ninalouliza kuhusu njia yoyote ya malipo ni hili: fedha hii inaweza kurudishwa kwa muda gani baada ya kunifikia? Wepesi na makato nayatazama baadaye. Fedha ya kadi kwangu ni karafuu mbichi iliyoanikwa uwanjani, ni yangu lakini wingu bado liko juu. Siitumii kununulia mali nyengine mpaka siku zipite, na picha zote na stakabadhi nazihifadhi kwa muda huo huo, pamoja na mazungumzo yetu yote ndani ya soko. Mnunuzi akiniomba tuhamie WhatsApp namwambia kwa adabu kwamba tumalizane hapa hapa, kwa sababu dawati linasoma kilichoandikwa kwao tu.

Kwa vitu vya thamani nimehamia benki. Mnunuzi ananitumia moja kwa moja kwenye akaunti yangu kwa SWIFT, mtandao unaounganisha benki za nchi mbalimbali. Zikishaingia, kwa kawaida haziwezi kurudishwa bila ridhaa yangu, isipokuwa pawe na kesi ya wizi au ulaghai. Ila nayo ina ugomvi wake. Benki za katikati hukata ada njiani, na mtu aliyetuma dola 200 akaona zimenifikia pungufu huapa kwamba amelipa zote. Ndiyo maana naandika mapema, kwa maneno yasiyo na shaka, kwamba gharama zote za kutuma ni juu ya mtumaji na kwamba ninachohesabu ni kiasi kilichoingia. Halafu kuna wanaoleta picha ya karatasi ya benki na kuhimiza mzigo uondoke leo. Karatasi hiyo si fedha. Nangoja salio.

Wanunuzi wa humu nchini, wa Dar es Salaam na Arusha, hulipa kwa simu, na hao wana mtindo wao. Wa kwanza ni meseji feki ya muamala iliyotungwa ifanane na ya kampuni, lakini imetoka kwenye namba ya mtu wa kawaida. Dawa yake ni kuangalia salio kwenye menyu yenyewe, kwa M-Pesa ni *150*00#, na kuipeleka namba ya tapeli kwenda 15040, ambayo imewekwa kwa kazi hiyo. Mtindo wa pili ni mbaya zaidi: fedha inaingia kweli, unaukabidhi mzigo kwa mtu anayepanda boti, halafu aliyetuma anapiga huduma kwa wateja kudai alikosea namba. Fedha ikiwa bado imo kwenye akaunti yako inaweza kuzuiliwa. Ndiyo maana kabla ya kupokea chochote namtaka mnunuzi aniandikie meseji kutoka namba ile ile atakayolipia: ananunua nini, kwa bei gani, na nani atakayepokea. Meseji hiyo imeshanisaidia. Mdai alipoombwa maelezo, mimi nilikuwa na maneno yake mwenyewe kuhusu sarafu za Barghash, na dai likaanguka.

Je, soko nalipendekeza? Kwa anayeanza, ndiyo. Linakufikisha kwa wanunuzi ambao kutoka Pemba usingewapata, wasiolipa linawamaliza vizuri, na madai ya mzigo kupotea linayaamua kwa haki. Mimi bado naweka huko sarafu za Barghash na stempu za bei ndogo, ambazo nikipoteza moja sitetereki. Mihuri ya mkono ya 1964 na bahasha zilizopita Wete na Mkoani nimeziondoa. Hizo nauza kwa benki tu, kwa watu tuliokwisha kuandikiana, na anayekataa namweleza wazi ninachokihofia.

Malalamiko yangu nimewaandikia wenyewe, pamoja na zile picha mbili zenye mishale. Siku watakayomweka kwenye dawati mtu anayeweza kuhesabu meno ya stempu, nyota ya nne nitaiongeza siku hiyo hiyo.