"Hiyo ya kibibi, mama": miezi mitano na Shalimar

Dada wa duka la pafyumu alinitazama usoni, akashuka mpaka kwenye viatu, akapanda tena usoni, kisha akanyoosha mkono kwenye rafu ya kulia. "Za umri wako hizi hapa, mama. Hizo za kushoto za mabinti." Hakuwa ameniuliza napenda nini. Nina miaka 51, nilivaa dera, nimetoka kununua dagaa. Hayo yalimtosha kujua pua yangu inataka nini.

Nikamwambia nimekuja kwa Shalimar. Akacheka. "Hiyo ya kibibi kabisa! Itakuzeesha."

Kwa hiyo kushoto nimechelewa, na Shalimar sijaifikia. Nikalipa hapohapo, nusu kwa hamu na nusu kwa ubishi.

Duka ni moja ya yale ya pafyumu za kupima pale Kariakoo, jina lake libaki kwangu. Asiyejua utaratibu: unataja pafyumu unayoitaka, muuzaji anavuta mafuta yake kwa bomba la sindano, anachanganya na spiriti, anafunga kipulizio na kutikisa. Mili 30 nililipa 15,000. Si pafyumu yenyewe bali mafuta yaliyotengenezwa kuiiga, na kwa haki yao hawakunidanganya kuhusu hilo. Afadhali wao kuliko kijana wa barabarani aliyewahi kuniuzia boksi lenye nailoni kabisa, "orijino, mama yangu", na baada ya dakika ishirini nikawa nanukia kama chumba cha sindano.

Shalimar niliijua tangu utoto. Tulikuwa tunakaa Upanga, na jirani yetu mmoja, mama wa Kihindi, akipita ngazini ungejua kapita hata kama hukumwona. Niliwahi kumuuliza anapaka nini, akanitajia jina hilo. Miaka yote nikadhani ni pafyumu ya Bombay. Kumbe ni ya Paris. Aliitengeneza Jacques Guerlain na ikatoka mwaka 1925, jina likachukuliwa kutoka bustani za wafalme wa Kimughal, wale waliotawala India zamani.

Sasa nihesabieni. Iliyotoka mwaka 1925 ilivaliwa na nani? Na wasichana wa enzi hizo, waliokata nywele fupi na kupandisha gauni mpaka magotini. Upo msemo wa zamani unaosimuliwa kuhusu Shalimar, kwamba mwanamke mwenye heshima zake havuti sigara, hachezi tango, wala hajipulizii hiyo. Yaani hii tunayoiita ya kibibi ilikuwa pafyumu ya watundu. Watundu wakazeeka, wajukuu wakawakumbatia wakiwa tayari na mvi, wakadhani mvi ndizo zinazonukia hivyo.

Na zile tamu za rafu ya kushoto? Angel ya Mugler, ambayo ndiyo iliyoanzisha mtindo wa pafyumu kunukia karameli na pipi, ilitoka mwaka 1992. Binti aliyeivaa mwaka huo akiwa na miaka 18 ni rika langu, huenda leo ana mjukuu. Nilitamani kumwambia yule dada, lakini foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu.

Kilichonichekesha zaidi ni kwamba kwa marehemu bibi yangu, Pangani, hesabu ilikuwa kinyume. Msichana ambaye hajaolewa alioga, akapakwa mafuta ya nazi, basi. Akiokota asmini akaitia kichwani, anaulizwa, "Unamnukilia nani?" Kikuba cha asmini na mrehani kifuani, liwa, haludi, kanga zilizofukizwa udi, hayo yote yaliingia na ndoa, na kungwi ndiye aliyefundisha kipi kinakaa wapi. Harufu nzito ilikuwa cheo. Ilisema huyu ni mwanamke mzima, ana nyumba yake na ana mtu wake. Bibi alikuwa na chetezo cha udongo kilichopasuka mdomo na hakutaka kubadilishiwa. Ila harufu hiyo hakutoka nayo nje. Alifundishwa na dini kwamba manukato makali ya mwanamke ni ya ndani kwake, akitaka kwenda sokoni anavua zile kanga anavaa nyingine. Mimi sikuweza kuufuata huo utaratibu, lakini nimebaki na nusu yake, kama mtakavyoona.

Haya, pafyumu yenyewe. Ile ya kupima ilinifurahisha siku ya kwanza na kunichosha wiki ya pili. Ilinukia vanila, vanila, vanila, kama visheti vilivyopikwa na mtu asiyejua kiasi. Kwenye nguo ilikaa siku mbili, hilo siwezi kuwanyima, lakini iliniachia doa la njano kwenye gauni jeupe na halijatoka mpaka leo. Muuzaji nilipomrudia akasema nisipulizie kwenye nguo nyeupe. Asante, ungesema siku ya kwanza.

Ya chupa halisi nilimwagiza mdogo wangu aliyekuwa akipita Dubai, Eau de Parfum ya mili 50. Bei aliyonitajia ilinifanya nikae chini. Ilizidi laki tatu. Ukinusa zote mbili mkono huu na huu ndipo unaona pesa imekwenda wapi. Halisi inaanza na bergamoti, tunda la jamii ya machungwa linalotia harufu ile chai ya Earl Grey, kali na safi, karibu ikuwashe pua. Hapo watu wengi huitupa kapuni, wanasema inanukia dawa. Subirini robo saa. Inashuka, unaingia moshi kidogo, kitu kama ngozi ya mkoba mpya, halafu vanila inakuja ikiwa imefukizwa. Ndiyo maana mara ya kwanza kuivaa hadi mwisho nilikaa kitandani nikamkumbuka bibi, mtu ambaye hakuwahi kuiona chupa ya Paris maisha yake yote. Ule moshi chini ya utamu ndio wa chetezo chake.

Kwa hiyo msinuse kwenye kile kikaratasi cha kujaribia cha dukani na kulipa. Pulizia mkononi, nenda kanunue mahitaji yako mengine, urudi.

Sasa joto. Nilifanya kosa la kupulizia mara nne asubuhi ya mwezi Februari na kupanda daladala ya Mbagala. Kufika kituo cha Uhasibu, abiria wa pembeni amefungua dirisha, mimi mwenyewe nimepata kichwa. Jasho na joto vinaipandisha yote kwa mkupuo, hakuna cha kuanza wala kushuka. Mchana wa Dar naipulizia mara moja tu, nyuma ya magoti, ipande taratibu. Ofisini kwenye kiyoyozi inatulia vizuri. Lakini mahali pake hasa ni usiku, baada ya kuoga, nikiwa na kanga ya kulalia. Hapo bibi angenielewa.

Jambo moja la umri ni la kweli, na hakuna dukani aliyeniambia. Ngozi yangu imekuwa kavu kuliko ya zamani, na ngozi kavu haishiki pafyumu. Ilikuwa inapotea saa nane mchana. Sasa napaka kwanza mafuta yasiyo na harufu, vaselini kidogo kwenye kiwiko na shingoni, ndipo napulizia, na inafika magharibi bado ipo.

Mume wangu hajasema neno, ila naona pafyumu inapungua kwenye chupa hata siku ambazo sijaivaa. Simlaumu, haludi ya Pangani pia hawakuandika ya kike wala ya kiume.

Alama zangu: pafyumu halisi nyota nne kati ya tano, moja nimekata kwa sababu ya bei na kwa sababu haiwezi daladala. Ile ya kupima nyota mbili, na dada wa duka nyota moja ya kutikisa chupa vizuri. Chupa naihifadhi kabatini kwenye boksi lake, katikati ya kanga, maana mwanga na joto huiharibu.

Binti yangu ana miaka 22. Nikiingia nayo kwenye gari anashusha kioo bila kuniangalia. Yeye anavaa ile ya karameli.