Maabara iliyonipa ugonjwa nisio nao

"Mama, mashine haidanganyi." Hivyo ndivyo nilivyojibiwa na kijana wa maabara moja hapa Lamu, na macho yake hayakutoka kwenye simu. Nilikuwa nimeuliza tu: vipi karatasi iseme TSH yangu, homoni inayoiamrisha tezi ya shingo, imeshuka chini kabisa na T4, homoni ya tezi yenyewe, imepanda, yaani tezi inakimbia kupita kiasi, na mimi moyo haunidundi, mikono haitetemeki, tena nanenepa?

Ilikuwa Shaabani, kama sikosei. Nilikwenda kupima tezi kwa sababu nywele zinakatika. Na kwa nywele hizo hizo nilikuwa nameza vidonge vya bayotini, vitamini inayosifiwa kwa nywele, alivyoniletea wifi yangu kutoka Dubai, mikrogramu 10,000 kila siku. Mtu mzima zinamtosha kama 30! Hilo nimekuja kulijua Malindi, baada ya boti ya Mokowe na basi linalovunja mgongo. Daktari kaniuliza swali moja: "Dada, kuna vidonge vya nywele unavyomeza?" Nikaona haya. Halafu hasira zikapanda upya, maana nusura nianzishwe dawa za kuizima tezi isiyo na kosa.

Alivyonieleza, vipimo vingi vya homoni hutumia bayotini kama ndoana ya kunasia kingamwili, yaani protini zinazoishika homoni inayopimwa. Damu ikijaa bayotini ya vidonge, ndoana hukosa nafasi, na namba zinapinda: TSH inasomeka chini ya ilivyo, T4 juu ya ilivyo. Niliviacha wiki nzima, nikapimwa tena. Sawasawa kabisa.

Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari tangu 2017, na siku hizi kuna vipimo vilivyoboreshwa visivyoyumbishwa na bayotini kirahisi. Haya, havijafika kisiwani, nitasamehe. Lakini kuuliza kunagharimu nini? Fomu yao yataka mpaka jina la babu, dawa unazomeza hapana!

Nilitaka niwaambie msikanyage pale. Ila wallahi ni wasafi, sindano hata sikuisikia, na majibu hutoka siku ile ile. Nikawapelekea karatasi ya Malindi, nikafoka nikatosheka.

Juzi nimempeleka mama kupima sukari, pale pale, mguu hautaki lakini ndiko karibu. Kijana yule, macho kwenye simu: "Bibi, kuna vidonge vya nywele unavyomeza?"

Mama akavuta buibui lake. "Nywele zangu zakuhusu nini wewe?"