Viatu vyenye ufito: uzoefu wangu na mtoto mwenye mguu kifundo

Nina kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Nililipata kwa mwanangu, akiwa na miezi mitatu na nusu. Nilimwinamia nimbadilishe nepi, akarusha miguu yote miwili kwa pamoja, na ule ufito wa chuma unaounganisha viatu vyake ukanipata sawasawa. Mke wangu alicheka kwanza, ndipo akaleta pamba. Kama umefika hapa kwa sababu mtoto wenu ameandikiwa viatu hivi, basi anzeni na hili: uzungushieni ufito sponji kabla mtoto hajazijua nguvu zake.

Alizaliwa na mguu kifundo, wa kulia. Unyayo uligeukia ndani, kisigino kimepanda juu, na nyuma yake pana mkunjo mzito. Mkunga aliusukuma taratibu kwa kidole gumba. Haukwenda. Kuna watoto wengi huzaliwa nyayo zimepinda kidogo kwa sababu ya kukunjwa tumboni, lakini hizo ukizisukuma zinakubali, na mara nyingi hunyooka zenyewe. Wa kwetu ulikuwa mbishi. Tukaambiwa mtoto mmoja hivi kati ya 1,000 huzaliwa hivyo, wavulana mara mbili ya wasichana, na kwamba si kosa la mama. Hilo la mwisho mke wangu alilisikia kliniki, na usiku akaniomba nimrudilie hilo, neno kwa neno kama daktari alivyolisema.

Plasta ngumu za kuunyoosha mguu, ndizo zilizotangulia viatu, nitazipita haraka, maana kazi kubwa pale si ya mzazi. Zilikuwa sita, moja kila wiki, kutoka vidoleni hadi kwenye paja, kila wiki mguu unasogezwa kidogo tu. Kisha wakaukata ukano wa kisigino kwa kijembe chembamba, ganzi ya palepale, bila mshono hata mmoja, na kufunga plasta ya mwisho ya wiki tatu ili ukano uungane upya ukiwa mrefu zaidi. Siku ile ilipofunguliwa nilishika mguu wa mwanangu nikatafuta ubovu nisiuone. Ngozi imekauka inabanduka kidogo, basi. Nikadhani tumemaliza.

Hatukuwa tumemaliza, na hapa ndipo wazazi wengi tunapoteleza. Mguu kifundo una tabia ya kurudi ulikotoka, na kinachouzuia ni viatu hivi tu. Saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, halafu usiku na usingizi wa mchana, saa 12 hadi 14, mpaka mtoto afike miaka minne au mitano. Njia yenyewe, ya plasta kisha viatu, ni ya Dakta Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, tangu miaka ya 1940. Madaktari wengi walikuja kumsikiliza mwishoni mwa miaka ya 1990, na waliosaidia kuisambaza habari ni wazazi, kupitia intaneti. Ndiyo maana na mimi naandika.

Sasa viatu vyenyewe. Vya kwetu ni vya ngozi laini, wazi mbele ili vidole vionekane, mikanda mitatu kila kimoja, na nyuma kuna kitundu cha kuchungulia kisigino. Vinashikizwa kwenye ufito wenye upana wa mabega ya mtoto. Cha mguu uliotibiwa kinageuzwa nje digrii 60 hadi 70, cha mguu mzima 30 hadi 40. Mara ya kwanza kuviona utasema mtoto amevunjwa. Mama mkwe alipokuja aliviangalia kimya, akaweka mkoba chini, akaniuliza, "Baba, mtoto mmemfunga kwa kosa gani?" Nikamwambia, "Mama, tunaushika mguu usirudi." Hakuridhika, ila alimbeba hivyohivyo na ufito wake.

Usiku wa kwanza na wa pili alilia sana, na sisi tukafanya kosa ambalo sasa nalijua ni kosa: tulivivua. Mtoto si mjinga. Akilia vinavuliwa, kwa nini asilie? Kilichotusaidia ni kumfundisha kucheza navyo. Nilikuwa nashika ufito, nikisukuma magoti yake yakunjane yote mawili kwa pamoja na kuyanyoosha, huku namwimbia. Alikuwa amezoea kupiga mguu mmoja mmoja, na ufito hauruhusu hilo. Akishajua kurusha miwili pamoja, hasira zinaisha. Kwetu ilichukua siku tano. Siku ya sita ndiyo ya kovu.

Kuvalisha kuna ufundi wake, na karatasi iliyokuja na viatu haikuueleza vizuri. Anza na mguu wenye shida. Kunja goti, sukuma kisigino chini mpaka kikae, kisha kaza mkanda wa katikati kabla ya mingine yote, kwa sababu huo ndio unaoshikilia kisigino. Chungulia kitundu. Vuta mguu kidogo: vidole vikienda mbele na nyuma, kisigino hakijalala, fungua uanze upya. Mimi nilichora mstari wa kalamu ndani ya kiatu pale kidole gumba kinapofika kikiwa kimevaliwa sawasawa, na tangu hapo nikawa navivalisha gizani kwa mwanga wa simu bila kubahatisha.

Soksi ziwe za pamba, zisizo na mshono mnene. Alama nyekundu zinazofifia baada ya muda mfupi ni za kawaida. Malengelenge si ya kawaida; mara nyingi maana yake mguu unateleza ndani, kwa hiyo dawa ni kukaza vizuri, si kulegeza. Mimi nilifanya kinyume. Niliona wekundu nikampaka mafuta nikidhani namtuliza, ngozi ikalainika, na kesho yake kisiginoni pana lengelenge la ukubwa wa punje ya mahindi. Tulikwenda kliniki kwa aibu.

Kasoro za bidhaa zenyewe zipo. Skurubu zinalegea, bisibisi yetu inakaa kando ya kitanda, na kila Jumapili usiku nazikaza. Ngozi inanuka jasho, na huwezi kuiloweka. Muuzaji wa jozi yetu ya pili alituletea namba ndogo, akasisitiza kwamba vitatanuka. Havikutanuka. Tulipoteza wiki nzima tukibishana naye, na ningejua ningepima unyayo mwenyewe kwa rula kabla ya kuagiza. Pia mtoto anakua haraka, na jozi ijayo inabidi iwe imeshafikiriwa kabla vidole havijaning'inia nje ya kiatu.

Halafu kuna lile ambalo sipendi kulisimulia. Akiwa na miezi kumi na moja alipata mafua, hapumui vizuri, tukasema leo tumwache alale bila viatu. Kesho yake tulisafiri. Keshokutwa alikuwa amelala kwenye gari tayari, nani amwamshe? Mguu ulikuwa mzuri, anasimama kwa kushika viti, kila mtu anasifu. "Leo tu" ikawa wiki sita. Usiku tuliporudi kuvivalisha, nilichungulia kitundu nikaona giza; kisigino hakikushuka hata nikisukuma. Mchana nikamtazama anavyosimama, nikaona anakanyagia ukingo wa nje wa unyayo.

Daktari hakutugombeza. Aliuliza tu, "Anavivaa saa ngapi kwa siku?" Nikajibu, "Kumi na mbili." Mke wangu akaniangalia. Nikasema, "Si kila siku." Akaandika bila kuinua kichwa, na tukarudi kwenye plasta mbili, wiki mbili, na mtoto ambaye sasa ana nguvu ya kuipigiza plasta sakafuni saa tisa usiku. Tulikuwa na bahati kuwa ziliishia mbili.

Sasa ana miaka mitatu na nusu. Alitembea akiwa na miezi 14, anakimbia, anapanda kila kitu. Unyayo wa kulia ni mfupi kidogo kuliko wa kushoto na shavu la mguu huo ni jembamba. Tumeambiwa hiyo itabaki, na viatu vya kawaida pengine tutanunua namba mbili tofauti. Haimsumbui. Tangu tulipoweka utaratibu mmoja (kuoga, viatu, hadithi, taa) hatujaruka usiku hata mmoja, na sasa vinaletwa na yeye mwenyewe, akiuburuza ufito sakafuni. Ananyoosha mguu wa kulia kwanza. Ananisubiri nikaze mkanda wa katikati, kisha anauliza, "Baba, kisigino kimelala?"

Nikivipa alama, nne kati ya tano. Hiyo moja nimeikata kwa ajili ya skurubu.